Vaa na Vua: Lugha ya Amri katika Alama za Usalama Kazini

Yapo maandishi ya Kiswahili ambayo husomwa na watu wengi kuliko riwaya yoyote, nayo hayajapata mhakiki. Ni maneno machache yabandikwayo ukutani mwa kiwanda, kwenye lango la mahali pa ujenzi, au ubavuni mwa mfuko wa dawa ya shamba: Vaa glavu. Ziba pua na mdomo. Nawa mikono. Maandishi hayo hayana mtunzi anayejulikana, wala hayakutungwa ili yapendeze. Lakini yanadai jambo ambalo shairi halidai: kwamba msomaji atii papo hapo, na asipotii aumie. Kwa sababu hiyo yastahili kupimwa kwa uangalifu kama maandishi mengine, au hata kwa uangalifu zaidi. Makala haya yanayapima kwa maswali mawili: amri iliyoandikwa inamwelekea nani, na je, huyo aelekewaye ana uwezo wa kuitimiza?

Mahali panapofaa kwa uchunguzi huo ni uwanda wa juu wa Wamakonde, katika nchi ya Newala na Masasi, na kwa mfano vijiji vya Chilangala. Riziki ya huko ni korosho, na korosho ina kazi mbili za hatari. Ya kwanza iko shambani. Ugonjwa wa ubwiriunga ulipoenea katika mikorosho tangu mwisho wa miaka ya 1970, mavuno ya Tanzania, yaliyokuwa yamefika tani 145,000 hivi katika msimu wa 1973/74, yaliendelea kupungua hata yakawa chini ya tani 20,000 katika msimu wa 1986/87. Ubwiriunga haukuwa sababu peke yake, maana bei mbaya na kuhamishwa kwa watu katika vijiji vya ujamaa vilichangia pia. Lakini tangu hapo mkulima wa kusini hawezi kutumaini mavuno mema pasipo kuukinga mkorosho wakati wa maua. Dawa iliyozoeleka ni salfa ya unga, inayorushwa kwa mashine juu ya matawi, na vumbi lake huwasha macho, ngozi na njia ya pumzi ya mwenye kuirusha. Kazi ya pili ni kubangua. Ganda la korosho lina mafuta makali yenye asidi iunguzayo ngozi, na mbanguaji asiye na kinga hujulikana kwa vidole vyake vilivyobabuka na kuwa vyeusi. Shambani na kiwandani, basi, ndipo alama za lazima zinaposemwa kuwa na kazi.

Alama hizo zina utaratibu wa mataifa. Kiwango cha ISO 7010, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2003, kinaweka duara la buluu lenye picha nyeupe kuwa ni alama ya jambo la lazima. Duara jekundu lenye mstari wa kukata ni katazo. Pembetatu ya manjano ni onyo. Katika duara la buluu huchorwa mkono wenye glavu, kichwa chenye kofia ngumu, uso wenye kinga ya pua na mdomo, au mikono chini ya bomba la maji. Viwanda vya madawa ya shamba navyo vina picha zake ndogo, zilizotengenezwa kwa ushirikiano na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa katika miaka ya 1980, ili zisaidie wasiojua kusoma. Chini ya picha, katika nchi za Afrika ya Mashariki, mara nyingi huongezwa maneno ya Kiswahili. Hayo maneno ndiyo yanayohakikiwa hapa.

Jambo la kwanza la kuangaliwa ni kitenzi. Karibu alama zote hutumia hali ya amri ya umoja: vaa, ziba, nawa, soma. Watu wengine husema kwamba amri tupu haimfai Mswahili, kwa kuwa ni kavu na haina adabu, na kwamba hiyo ndiyo sababu ya alama kupuuzwa. Hoja hiyo haitoshi. Mlangoni mwa misikiti mingi pameandikwa Vua viatu, nayo ni amri tupu ya umoja kama Vaa glavu. Hata hivyo hutiiwa na mzee na mtoto, na mgeni asiyekuwa Mwislamu, wala hakuna anayeona amevunjiwa heshima. Kama kosa lingekuwa katika umbo la kitenzi, amri hizo mbili zingeshindwa pamoja.

Tofauti yao iko kwingine. Vua ni amri ambayo kila aambiwaye anaweza kuitimiza mara moja, kwa kuwa kiatu kiko mguuni pake. Hahitaji kupewa kitu na mtu yeyote. Tena sababu yake inajulikana, na aliyeiandika naye huitii: imamu hupita mlango ule ule, naye huvua. Vaa ni amri ya namna nyingine. Haiwezekani kuvaa kitu kisichokuwapo. Anayesema Vaa glavu amekwisha kuchukua kwamba glavu ipo, ni nzima, yatosha mkono, na iko karibu. Hayo yote yamefichwa nyuma ya neno moja lenye herufi tatu, nayo ndiyo yanayoamua kama mkono utapona au utaungua. Yafaa kusema kwamba vua ni amri ya mtu mmoja, lakini vaa ni amri ya watu wawili, ambayo imeandikwa kana kwamba ni ya mmoja.

Huyo wa pili ni nani? Sheria haikuficha jina lake. Tangu Sheria ya Viwanda ya Tanganyika ya mwaka 1950 hata Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, mwajiri ametwikwa wajibu wa kuwalinda wanaomfanyia kazi. Na sheria hii ya sasa yamtaka atoe vifaa vya kinga, kisha yamtaka mfanyakazi avitumie. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1981, unasema wazi kwamba hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi; na tangu mwaka 2022 mkataba huo umehesabiwa miongoni mwa mikataba ya msingi ya shirika hilo. Kwa hiyo katika sheria mna vitenzi viwili, kutoa na kuvaa, na kutoa kunatangulia. Katika alama kimebaki kimoja tu. Kile cha mwenye nguvu kimeondoka, na kile cha mnyonge kimeandikwa kwa herufi kubwa. Ajali inapotokea, alama hugeuka kuwa shahidi wa mwajiri: ukuta ulisema, naye hakusikia.

Wapo walioona ukavu wa amri wakajaribu kuutengeneza kwa kuandika Ni lazima kuvaa glavu. Sentensi hii yaonekana kuwa nzito zaidi, lakini kwa kweli imepoteza hata yule msomaji mmoja aliyekuwamo. Kuvaa ni kitenzi-jina, hakina nafsi. Ni lazima, kwa nani? Kwa wote, na kwa hiyo si kwa yeyote. Neno lazima lenyewe lastahili kutazamwa. Lugha ina maneno kadhaa ya wajibu, nayo hayalingani. Faradhi ni wajibu wa dini. Lazima ni wajibu usioelezwa chanzo chake. Humwangukia mtu kama mvua. Sharti ni neno lenye pande mbili, kwa kuwa hufunga jambo moja kwa jingine: hili halifanyiki mpaka lile liwepo. Mpangaji na mwenye nyumba wana masharti, muuzaji na mnunuzi wana masharti, hata mganga hutoa dawa yake kwa masharti. Mtu aliyepewa sharti anajua nini kitaharibika likivunjwa. Alama za kazini zimechagua lazima, ambalo laamuru bila kufunga upande wa pili, na kuacha sharti, ambalo lingeufunga.

Baada ya kitenzi yafaa kutazama majina ya vitu. Glavu halina matata makubwa; ni neno la kukopa lililokwisha kuzoeleka. Lakini kinga ya pua na mdomo ina historia yenye mafunzo. Barakoa katika Unguja na Omani ilikuwa kifuniko cha uso cha wanawake, nayo kazi yake ilikuwa kusitiri. Ulipokuja ugonjwa wa Korona mwaka 2020, neno hilo lilienea bara na pwani kwa maana ya kitambaa cha kuzuia maradhi. Limekuwa neno la wote, na hilo ni jema. Kasoro yake ni kwamba sasa linaita kwa jina moja kitambaa cha kushona nyumbani na kifaa chenye chujio kilichotengenezwa kwa ajili ya vumbi jembamba. Mpuliziaji wa salfa aliyejifunga kipande cha kanga puani aweza kusema kwa haki kwamba amevaa barakoa. Alama imetiiwa, na kifua kimeumia. Neno jingine, kinyago, lingeweza kufikiriwa, maana katika maandishi ya zamani huonekana kwa maana ya kifuniko cha uso. Lakini katika nchi ya Wamakonde, ambako mapiko huchezwa katika sherehe za jando, hapana shaka lingeleta kicheko kabla ya kuleta usalama. Maneno yafaayo kwa mfuko wa salfa yangeeleza kazi ya kifaa badala ya kukitaja jina tu: kinga ya pua yenye chujio la vumbi. Ni marefu, lakini hayamdanganyi mtu.

Neno lenye hatari zaidi ni lile ambalo hakuna aliyelishuku. Ni dawa. Mkulima wa Chilangala hasemi kwamba anapulizia sumu, anapulizia dawa. Dawa huponya mtoto, husafisha meno, hung'arisha viatu, hufukuza mbu. Ni neno la faraja. Picha iliyo ubavuni mwa mfuko yaonyesha hatari, na jina la kitu kilicho ndani ya mfuko lamwambia mtu asiogope. Katika mashindano hayo neno hushinda, kwa sababu picha ilionwa mara moja dukani lakini neno husemwa kila siku. Wataalamu walitambua kasoro hiyo wakaunda kiuatilifu, yaani kitu cha kuua viharibifu, na jina hilo limeingia katika jina la mamlaka ya serikali iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Neno hilo lina uaminifu, maana kuua kumo ndani yake na kwaonekana. Lakini kwa wengi bado ni neno la ofisini. Basi mkulima ana neno analolijua lisilomwonya, na neno linalomwonya asilolijua. Kazi ya mwandishi wa alama ni kuyaunganisha: dawa hii ni sumu kwa anayeivuta. Sentensi hiyo ni fupi, kila neno lake lajulikana, na mgongano wa dawa na sumu ndio utakaomfanya msomaji asimame.

Amri ya tatu, Nawa mikono, yaonyesha jinsi alama ya mataifa inavyoweza kuwa geni mahali ilipobandikwa. Katika mji wenye bomba, nawa ni kama vua: aambiwaye ana uwezo. Lakini uwanda wa Wamakonde ni nchi ya mchanga unywao mvua, isiyo na mito juu yake, na kwa vizazi vingi wanawake wake walishuka mabondeni kuteka maji na kuyapandisha kwa kichwa. Tangu miaka ya 1950 maji husukumwa kwa mitambo kutoka mabondeni kwenda juu, lakini hayajapata kuwa kitu cha kutumiwa pasipo hesabu. Mfuko usemao Nawa kwa maji mengi hauzungumzi na mtu wa huko. Ni kweli kwamba unga wa salfa na mafuta ya ganda lazima yatoke mwilini, na hakuna badala ya maji. Hiyo ndiyo sababu amri hiyo isielekezwe kwa mpuliziaji aliyeko porini na mashine mgongoni. Ielekezwe kwa yule aliyemwita kazini: Weka ndoo ya maji na sabuni kabla ya kazi kuanza. Maji yaliyowekwa ndiyo yatakayonawiwa.

Hata hivyo jambo la adabu halifai kutupwa kabisa. Limekataliwa kuwa sababu ya kwanza ya kushindwa kwa alama, lakini halikosi uzito. Katika Kiyao na Kimakua, lugha zinazosemwa jirani na Kimakonde katika nchi ya Masasi na Newala, wingi wa nafsi ya pili hutumika kumheshimu mtu mmoja. Wabanguaji wengi ni wanawake wazima, mama wa watoto, na pengine bibi wa wajukuu. Msimamizi kijana hawezi kumkabili mmoja wao na kusema vaa. Atasema, mama, tuvae glavu, au mama, vaeni. Ukuta ndio umepewa ruhusa ya kusema asiyoweza kusema mtu, na kwa hiyo ukuta husikilizwa kama mtu asiye na adabu anavyosikilizwa. Hapa Kiswahili kina njia nzuri, nayo ni hali ya tegemezi: tuvae, nafsi ya kwanza ya wingi. Tuvae humfunga msimamizi pamoja na mbanguaji, kama Vua viatu inavyomfunga imamu. Lakini isiandikwe mahali ambapo msimamizi mwenyewe hupita mikono mitupu, maana hapo itakuwa uongo, na msomaji huutambua uongo upesi kuliko amri.

Yapo majibu ya haki yanayoweza kutolewa kwa ukosoaji huu. La kwanza ni kwamba alama sharti iwe fupi, kwa kuwa husomwa na mtu apitaye. Hilo ni kweli, na ndilo litakalopima kila pendekezo. La pili ni kwamba picha yatosha, na maneno ni ziada. Hilo si kweli. Buluu haina maana ya wajibu katika mazoea ya watu wa kusini. Ni utaratibu uliofunzwa kwingine, na asiyeufunzwa ataona mkono mweupe katika duara, basi. Watu wa uwanda huo wanajua kwa hakika kwamba alama haijielezi. Katika jando na unyago vijana hawaonyeshwi ishara wakaachwa. Hukaa na wakufunzi, hufasiriwa, huimbiwa, huulizwa, mpaka ishara iwe yao. Alama iliyobandikwa pasipo mtu wa kuieleza ni nusu ya fundisho.

Jibu la tatu ni zito zaidi. Yasemekana kwamba hata glavu zikitolewa, mbanguaji huzivua mwenyewe. Ni kweli mara nyingi, na sababu yake si ukaidi. Kwa desturi mbanguaji hulipwa kwa uzito wa korosho alizobangua, na mkono wenye glavu ni mzito kuliko mkono mtupu. Kila akivaa, ujira hupungua. Ukuta wasema vaa, na mizani yasema vua. Amri hizo mbili zimetoka kwa mwajiri mmoja, na ya mizani ndiyo inayolipwa. Hapo uhakiki wa lugha unafika mpaka wake, maana hakuna neno litakaloshinda mizani. Lakini lugha yaweza angalau kuacha kuficha kwamba mizani inasema.

Pendekezo litokanalo na hayo yote ni dogo. Mahali pa Vaa glavu paandikwe: Usibangue kabla hujapewa glavu. Ni maneno manne badala ya mawili, na mtu apitaye ataweza kuyasoma. Tofauti iko katika kitenzi cha katikati. Hujapewa ni kauli ya kutendwa, na kila kupewa kuna mpaji nyuma yake, hata asipotajwa. Sentensi hiyo ina sharti ndani yake: kazi haianzi mpaka kitu kitolewe. Yamfunga mbanguaji asianze, na yamfunga msimamizi atoe. Tena yampa mbanguaji neno la kujitetea akiambiwa aanze mikono mitupu, kwa kuwa ataweza kunyosha kidole ukutani na kuomba lile ambalo ukuta umelisema. Mkataba wa mwaka 1981 nao ulimlinda mfanyakazi ajitoaye katika hatari kubwa iliyo karibu. Alama ya namna hii ingeuleta ulinzi wa jinsi hiyo katika lugha ambayo mbanguaji anaisoma.

Shambani pana ugumu zaidi, kwa kuwa mkulima wa Chilangala hufanya kazi kwake mwenyewe, au huajiri kibarua wa siku chache, na hapana mwajiri mkubwa wa kudaiwa. Lakini salfa haiji shambani yenyewe. Hupita ghalani, na mara nyingi katika chama cha msingi cha ushirika. Hapo ndipo pa kubandika alama, si juu ya mfuko peke yake: Salfa na kinga ya pua hutolewa pamoja. Hiyo si amri hata kidogo. Ni maelezo ya desturi, na yamwelekea mtunza ghala kwanza. Mkulima akipewa mfuko mtupu atajua kwamba amepunjwa, na kupunjwa ni jambo ambalo mkulima wa korosho analifahamu vizuri kuliko kiwango chochote cha ISO.

Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria za Tanzania. Ni hatua kubwa, na wanasheria na wafasiri wana kazi ya miaka mingi mbele yao. Lakini mbanguaji hatasoma sheria, atasoma ukuta. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi na Baraza la Kiswahili la Taifa wangeweza kukaa pamoja kwa siku chache, wakaandika alama ishirini au thelathini za Kiswahili kwa kuanzia na sheria, si kwa kufasiri maneno ya ubao wa kigeni, kisha wakazipeleka Newala na Masasi zisomwe na wanaobangua na wanaopulizia kabla hazijachapwa. Mtu wa kwanza kuulizwa awe mama mwenye vidole vyeusi. Akisoma ubao, aulizwe jambo moja tu: hapa nani anaambiwa afanye nini? Akijibu kwamba yeye anaambiwa avae, alama bado ina kasoro. Akijibu kwamba wao wanaambiwa wampe, naye asianze mpaka apewe, basi ubao huo na ubandikwe.